Ufunguo Alioondoka Nao Mtani

Kwenye daftari langu, magari ya Kimarekani ya zamani yaliyolala kati ya Kariakoo, Ilala na Magomeni yalikuwa kumi na moja. Nilipohesabu tena yakawa kumi. Moja lilikuwa limepakwa kijani ubavu mmoja na nyeupe ubavu wa pili, nami nililiona mara ya kwanza kwa uchochoro wa mbele, mara ya pili kwa uchochoro wa nyuma, nikaliandika kama magari mawili. Nilikuwa nimeshafika mbali na mapatano ya lile la kijani, nikimwambia mwenye nyumba kwamba jirani yake wa nyuma ana jeupe na ameshusha bei. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nataka kununua nusu.

Nina duka la spea Gerezani, upana wake hatua nne, nne na nusu mlango ukiwa wazi. Nauza vipuri vya magari ya Kijapani, na hiyo ni kama kuuza unga: unaisha, unaletwa mwingine, hakuna anayeuota usiku. Haya ya Kimarekani, ninayonunua na kuuza, ndiyo ugonjwa wangu wa pembeni. Milango miwili, boneti ndefu kama kitanda cha futi sita, injini ya silinda nane, usukani kushoto ili dereva akishuka ashukie mtaroni. Yaliletwa na mameneja wa mashamba ya mkonge, watu wa balozi, wakandarasi wa barabara. Wenyewe walipoondoka mizigo ikapimwa, gari likaonekana zito, likaachiwa dereva, au mpishi, au padri. Nimeyakuta yakiwa banda la kuku na stoo ya mkaa. Moja pale Magomeni lina mpangaji kwenye kiti cha nyuma, kijana mstaarabu, anafunga mlango kwa kufuli na kulalamikia umeme.

Kulipata gari ni kazi ya macho tu. Kazi yenyewe ni kumpata mtu. Gari bila kadi ya usajili ni bati, na kadi mara nyingi iko kwa mtu aliyehama, au aliyekosana na ndugu zake, au aliyekufa akiwa ameificha vizuri. Kwa hiyo nimekaa kwenye mabaraza ya watu kuliko chini ya boneti, na nimekunywa chai nyingi ya kuombea habari.

Hili ninalotaka kulisimulia nililikuta Ilala, uani kwa mama mmoja wa Kingoni, mjane, mwenye umri wa kuniita mwanangu ingawa mimi mwenyewe nina mvi za kutosha. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, ukipita ukumbi unakutana na gari. Rangi yake ilikuwa ya bluu pale ambapo jua halikufika. Tairi zote nne zilikuwa zimelala. Juu ya boneti mama alikuwa ameanika mbaazi, na mbaazi zilikaa vizuri, kwa sababu bati lile halikuwa limebonyea hata mahali pamoja. Nililizunguka mara mbili. Nilipomaliza mzunguko wa pili nilijua kwamba hili sitaliuza, na jambo hilo lilinisikitisha, maana halikuwahi kunitokea.

"Jumamosi watu wa skrepa wanakuja kulikata," mama alisema. "Wanangu wameuza kiwanja. Panajengwa ghorofa."

Ilikuwa Jumatatu. Nilihesabu siku kwa vidole, nikarudia, zikabaki zilezile.

"Mama, usiwape. Nitalichukua mimi, zima."

"Hilo zima ndilo ninalolitaka," alisema. "Mume wangu alilileta hapa likitembea. Sitaki litoke kwa kilo."

Tulipatana bei kabla chai haijapoa. Hapo ningepaswa kushtuka. Mtu anayekubali bei haraka ana jambo lingine analolishikilia.

"Kadi iko wapi, mama?"

"Kwa mtani."

"Na ufunguo?"

"Kwa mtani."

Mume wake alikuwa dereva wa Wamarekani waliokuwa wakijenga barabara nyanda za juu. Kwenye lori lake turnboi, utingo wake, alikuwa Mhehe. Na Wangoni na Wahehe, kila mtu anajua, ni watani: mababu zao walipigana vita mpaka wakachoka, na tangu hapo wajukuu wanatukanana kwa upendo. Miaka yote ya lori wale wawili walibishana jambo moja tu, nani alikimbia kwenye vita vile. Bosi alipoondoka akamwachia dereva gari, turnboi akasema ameachiwa la kukimbilia.

Dereva alifariki miaka ishirini na sita iliyopita. Msibani mtani akafanya kazi yake. Wenzetu wasio na utani huwa hawaelewi: watu wanalia, yeye anavaa koti la marehemu, anajilaza mlangoni, anakamata kitu cha nyumba na kusema hakitoki mpaka kikombolewe. Wafiwa wanampa kuku, au maneno, wanacheka kidogo hata kama machozi hayajakauka, kitu kinarudi jioni ileile. Huyu alivaa koti, akakuta mfukoni kadi na ufunguo, akaenda kukaa ndani ya gari akafunga vioo. Akasema hatoki mpaka mjane atamke mbele ya watu: Wangoni walikimbia.

"Ukasemaje, mama?"

"Sikulitamka. Siku ile sikuwa na kicheko hata cha kuazima. Nilimwambia ondoka navyo. Akaondoka navyo."

"Na hakurudi?"

"Arudi vipi bila kukombolewa? Mtani hajirudishi mwenyewe. Na mimi siwezi kusema uongo."

Nilimweleza kwamba fundi wangu anaweza kuliwasha gari bila ufunguo kwa waya mbili na dakika tano. Aliniangalia kama mtu aliyependekeza kuoa bila kupeleka posa.

"Vilitoka kwa desturi," alisema. "Vitarudi kwa desturi. Au waje wa skrepa."

"Huyo mzee kwao wapi?"

"Kwao Iringa."

Jumanne alfajiri nilipanda basi la Iringa. Nilikuwa na jina moja na habari kwamba anacheka sana. Nilizunguka nikiulizia mpaka jioni, nikaonyeshwa wazee watatu wanaocheka sana, na wa tatu alikuwa mdogo wake. Alinikaribisha ugali, akasubiri nimeze.

"Kaka yupo Dar," alisema. "Magomeni. Tangu zamani za kale."

Jumatano nilirudi Ilala miguu ikiwa imevimba kwa kukaa. Mama alikuwa anapepeta zile mbaazi.

"Mama, mzee anaishi Magomeni."

"Ndiyo. Nyumba ya pili kutoka kwa fundi cherehani."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza kwao. Hukuuliza anapokaa."

Nauli ya kwenda na kurudi niliiandika kwenye daftari ukurasa wa mwisho, ule ninaouandikia vitu nisivyotaka kuviona tena.

Magomeni nilimkuta mzee barazani, mwembamba, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikaanza kueleza. Hakuningoja nimalize. Aliingia ndani akatoka na ufunguo. Ulikuwa unang'aa, umepakwa mafuta.

"Amesema?" aliuliza.

"Bado, mzee."

Akaurudisha ndani.

Nilijaribu njia niliyoizoea. Nilitaja kiasi cha fedha. Akatikisa kichwa. Nikaongeza. Nilivyozidi kuongeza ndivyo alivyozidi kunisikitikia.

"Wewe Mpare, eh?" alisema mwishowe.

"Ndiyo, mzee."

"Nimeona jinsi unavyoumia ukiongeza. Acha, utaugua. Sikiliza, kijana. Kazi yangu siku ile ilikuwa kumchekesha yule shemeji yangu kwenye msiba wake. Sikuimaliza. Unataka niuze kazi ambayo sijaimaliza?"

Nikahesabu vigae vya baraza lake, kwa mazoea.

"Basi mzee," nilisema, "tupatane maneno."

Hapo aliinua macho, nikaona kwamba nimempata. Hakuna mzee wa Magomeni anayekataa mapatano, tatizo langu lilikuwa nimekosea bidhaa. Nilimweleza kwamba neno "walikimbia" lina bei kubwa mno kwa mjane wa umri ule, na Jumamosi gari linakatwa, na likishakatwa ufunguo wake utafungua nini. Alifikiri. Akasema yuko tayari kusikia upande wa pili unasemaje.

Kuanzia Jumatano jioni mpaka Ijumaa nilikuwa dalali wa sentensi moja. Nilikwenda Ilala na kurudi Magomeni mara saba. Nilihesabu tena: saba.

Mama alianza na "Wangoni waliondoka."

Mzee alikataa. "Kila mtu huondoka. Hata mgeni huondoka. Mwambie aweke na mwendo."

"Wangoni waliondoka kwa haraka," mama alitoa.

"Haraka ya nini? Mtu ana haraka akichelewa sokoni. Nataka miguu ionekane."

Mama aliwaza huku anachambua mchicha. "Wangoni walirudi nyuma kidogo kujipanga."

Nilipomfikishia mzee hilo, alicheka mpaka akashika nguzo. "Kujipanga! Mpaka leo wanajipanga. Mwambie shemeji nimempenda, lakini hapana."

Fundi wangu, Mchaga wa Gerezani tunayemwita Mangi, alikuwa wakati huohuo uani Ilala anafungua kabureta. Kila nilipopita alinipa neno lake, maana Wachaga na Wapare nasi tuna yetu.

"Mpare, umepata punguzo kwenye herufi ngapi?"

"Fanya kazi, Mangi."

"Mimi nafanya. Nimekuambia ulete lita ishirini za petroli."

"Tano zinatosha kulitoa uani."

"Injini hii lita tano inanusa tu. Wewe siku ukifa utataka jeneza la kukodi."

Nilileta tano.

Ijumaa alasiri nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda karibu na gari, anamtazama fundi akiwa amelala chini.

"Baba," alimwuliza, "hii ikiwaka itapiga kelele?"

"Mama, ekzosi imeoza yote. Itasikika Mnazi Mmoja."

"Sawa," alisema mama. Akanigeukia. "Kamwambie nimekubali. Nitasema neno lake lilelile, walikimbia. Lakini nitalisema nikiwa nimekaa ndani ya gari la mume wangu, likiwa linawaka, na nitalisema mara moja tu."

Nikaandika masharti matatu, nikampelekea mzee. Alisoma, akanirudishia daftari, akaniambia nimsomee tena. Nikasoma.

"Na kuku," alisema. "Jogoo. Miaka ishirini na sita ni riba ndogo."

"Na jogoo," niliandika. Mkataba mzuri ni ule ambao kila upande una jambo ulilosahau kuuliza, na mimi si kazi yangu kuwakumbusha.

Jumamosi watu wa skrepa walifika kabla yetu. Walikuwa wanne, na guta la magurudumu matatu lenye mtungi wa gesi, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakisubiri kama watu waliokuja kwenye shughuli. Nikawaomba saa moja. Kiongozi wao akasema nusu. Tukamaliza kwenye dakika arobaini na tano na soda nne.

Mzee alikuja kwa miguu kutoka kituoni, amevaa koti la marehemu. Lilikuwa koti la zamani la kijivu, kubwa kwake mabegani, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mama alipoliona alitazama pembeni, akajishughulisha na khanga yake.

"Shemeji," mzee alisema.

"Mwizi," mama alijibu.

"Hujambo?"

"Sijambo. Umekuwa mfupi."

"Nimepungua nikikungoja."

Mama aliingia kwenye gari, akakaa upande wa dereva, akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa hajawahi kuendesha hata baiskeli. Mzee aliinama dirishani, akauweka ufunguo kwenye swichi, halafu akarudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono. Wapangaji wote walikuwa ukumbini. Watu wa skrepa walikuwa wamesimama. Fundi akaniangalia, nikamwangalia mama.

Mara ya kwanza gari lilikohoa. Mara ya pili halikukohoa. Kiongozi wa skrepa akatazama saa ya simu yake. Fundi akamwaga petroli kidogo kooni mwa kabureta, akasema kitu kwa Kichaga ambacho sidhani kilikuwa sala, akampa mama ishara.

Mara ya tatu likawaka.

Nimesimama karibu na jenereta, na mashine za kusaga, na spika za kampeni pale Mnazi Mmoja. Hazikuwa hivi. Bati za uzio zilitetemeka. Kuku wa jirani alipanda juu ya paa, kitu ambacho kuku huyo hakuwa amekifanya kabla. Moshi ulijaa uani, na katikati ya moshi nilimwona mama amemgeukia mzee, anafungua mdomo, anatamka kwa utulivu na kwa urefu, kama anayesoma barua. Mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio. Akasogea. Akasogea tena. Mama akafunga mdomo. Fundi akazima.

Masikio yalibaki yanalia.

"Umesema?" mzee aliuliza.

"Nimesema."

"Sijasikia."

"Masikio ni yako, mtani."

"Rudia."

"Tulikubaliana mara moja."

Mzee alinigeukia mimi, shahidi na mwandishi. Nilifungua daftari, nikapita kwenye mistari kwa kidole, nikapita tena.

"Mara moja, mzee. Likiwa linawaka. Iko hapa."

Alisimama pale na koti lake kubwa, akitazama daftari, halafu gari, halafu tena daftari. Nikaona uso wake ukipita safari nzima, kutoka Magomeni kuja Ilala mara saba, mpaka ukafika mahali alipopigwa. Hapo ndipo mama alipocheka. Alianza kwa mabega. Akaegemea usukani, na kifua chake kikabonyeza honi, honi ikalia, akashtuka, akacheka zaidi. Alicheka mpaka akavua miwani, akajifuta macho na ncha ya khanga, na sikuweza kusema sawasawa wapi kicheko kiliishia na kilio kikaanza. Wapangaji walikuwa wanacheka. Mangi alikuwa amekaa chini.

Mzee hakucheka. Alingoja. Alipoona mama ametosheka kucheka alitia mkono mfuko wa ndani, akatoa kadi iliyofungwa kwenye nailoni, akampa mama dirishani. Kisha akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha pembeni yake.

"Yamekwisha, shemeji," alisema. "Bado jogoo."

Watu wa skrepa walikuwa na nyundo kubwa, na kwa kuwa ukuta ulijengwa baada ya gari kuingia, waliangusha nguzo moja ya geti ili litoke. Walisema hawajawahi kuitwa kukata kitu wakaishia kukitoa. Kiongozi wao alitaka alipwe kama amekata. Nikampa nusu ya alichotaja na robo ya hiyo kama nauli, akaondoka akipiga hesabu barabarani.

Mama alisema ni haki mtani arudishwe kwake kwa gari, kwa kuwa siku ya msiba aliondoka kwa miguu. Basi tukatoka wote: Mangi kwenye usukani, mama mbele amepakata koti, mimi nyuma na mzee, na mzee na jogoo aliyefungwa miguu. Tairi za mitumba, breki za maelewano. Tulipita Msimbazi Kariakoo, wenye maduka wakatoka nje, wachukuzi wakasimama na mizigo kichwani. Sijawahi kupita mtaa ule bila mtu kuniuliza bei ya kitu.

Bondeni Jangwani gari likakohoa, likatembea kimyakimya hatua kama ishirini, likasimama.

"Lita tano," Mangi alisema, bila kugeuka.

Nikashuka kusukuma. Barabara pale ina mwinuko ambao ukiwa ndani ya gari huujui. Nilisukuma, gari likanitazama. Niliposukuma tena nikahisi limekuwa jepesi, nikadhani nimepata nguvu, kumbe mzee ameshuka, ameweka jogoo kwenye kiti, na mikono yake miwili iko kwenye buti karibu na yangu, vidole vimetanuka, shingo imesimama mishipa.

Mama alikuwa anatazama kwenye kioo cha pembeni. Alitoa kichwa dirishani.

"Mwanangu," aliniita, "lile daftari unalo?"

"Ninalo, mama."

"Andika hapo: Mhehe alisukuma."

"Sijasukuma," mzee alisema, akihema. "Nimeegemea."

Tulipofika kituo cha mafuta Magomeni, wakati Mangi anahesabu lita kwa sauti ili nisikie, nilifungua ukurasa mpya nikaandika maneno yote mawili, moja chini ya jingine, nikawapa kila mmoja asaini lake.